Seli ya Tatu

Saa tisa usiku, kisima cha mvuke, Menengai:
kipimo huamka, hutamka neno moja hewani,
nyuzi mia moja sabini,
kisha hulala.
Nilikifunza hivyo. Chaji ya kubana haipigiwi porojo.

Ila seli ya tatu ni mwongo.
Mchana huapa ina nusu;
baridi ya kreta ikishuka
yazimika kama kibatari penye upepo.

Barasa akasema, tupa pakiti nzima.
Kwa hela za nani?
Nikaandika kanuni upya, mistari minne:
aliye dhaifu akichoka, wote walale.
Tutapima mara chache.
"Mvuke hautangoja," akanung'unika.

Sasa niko Kaptembwo, simu kifuani.
Saa tisa na dakika mbili.
Sema basi,
hata kwa kunong'ona.