Tofauti ya Elfu Sabini na Nane

Raichura ameziweka juu ya kioo cha kaunta
bega kwa bega, kama mapacha wa baba mmoja
ila mmoja kasomeshwa ng'ambo.
Nazipima kwa kiganja: uzito karibu sawa.
Nazitia mfukoni mwa shati, moja baada ya nyingine:
zote zinalala, hakuna inayokoroma.
Hii elfu kumi na nane.
Ile tisini na sita.

"Lenzi, bwana," asema Raichura. "Unanunua lenzi.
Na giza. Hii ya bei ndogo inaogopa giza."

Elfu tisini na sita
ni mtamba mwenye mimba kule Ahero,
ni karo ya Adongo mihula miwili na shuka za bweni,
ni mabati ya jiko letu, ambalo mvua ya saa kumi
hulitembelea bila kubisha hodi.
Nilimpigia Akeyo simu. Hakucheka.
"Hiyo kamera," akauliza, "hukamuliwa asubuhi au jioni?"

Nami ni nani? Fundi wa maabara ya shule, Maseno.
Kazi yangu kuosha mirija,
kuhesabu vyura kabla ya mtihani.
Sijauza picha hata moja.
Hupiga tu: kuku juu ya baiskeli,
mawe ya Kit Mikayi yakitoka jasho baada ya mvua,
shangazi kalala mdomo wazi katikati ya harusi.
Shangazi hajanisamehe.

Basi tukajaribu.
Mlangoni, kivulini, alisimama Osundwa,
bawabu wa duka, rungu kwapani.
Nikampiga kwa hii. Nikampiga kwa ile.
Raichura akazitoa kwa mashine, karatasi zingali na joto.

Ya kwanza: mtu, koti, rungu. Ni Osundwa, huwezi kukana.
Ya pili: mtu, koti, rungu,
na kifungo cha tatu kutoka juu
kimeshonwa kwa uzi mwekundu
ilhali vingine vyote vina uzi mweusi.

Rahisi huvunja upishi, wamesema;
waliosema hawakuwa na mkopo wa sacco.
Je, sentimita moja ya uzi
ina thamani ya elfu sabini na nane?

Nikatoka nikamuuliza mwenye koti.
Akakitazama kifungo kana kwamba kimefika leo.
"Nilikishona mwenyewe," akasema,
"usiku wa siku tuliyomzika Nafuna.
Mweusi sikuuona alikouweka."

Tazama sasa ugumu wangu:
kuuliza hakukunigharimu hata ndururu.
Lakini bila ile ya tisini na sita
ningeuliza nini?

Mvua imeanza. Duka hufungwa saa kumi na moja.
Nimesimama barazani na Osundwa, hatusemi kitu,
picha mbili nimezificha ndani ya shati zisilowe.
Moja bado ina joto.
Sijui ni ipi.