Komeo

Adam, mji wa mwisho kabla ya mchanga.
Hapa babu yangu ndiye aliyekuwa sheria,
yeye na bunduki moja na ngamia wa kuazima,
mshahara wake tende, na mchele ukifika.

Hamdun bin Zuweid, mzaliwa wa Chake,
aliyerudishwa kwa wajomba na miaka yake kumi na sita
na Kiarabu cha kuchechemea.
Sokoni walimwita Mswahili, kwa kucheka,
mpaka alipomrudishia mjane mmoja mbuzi wake kumi na wawili
na asidai hata maziwa.
Baada ya hapo walimwita Mswahili, bila kucheka.

Risasi alizihesabu kwa lugha ya mama:
moja, mbili, tatu, nne.
Ya tano hakuwa nayo.

Mwezi wa Shaaban, jua limeuma hata mbwa wamenyamaza,
ngamia wanne waliibwa kisimani.
Liwali aliandika barua. Babu alifunga kilemba.
Alikwenda na Museyyib, mjuzi wa nyayo,
aliyesoma mchanga kama mwalimu asomavyo mbao za watoto.
Siku ya tatu wakawaona:
vijana watatu, mmoja ndevu hazijaota,
wananywesha.
Babu akashuka, akawapa salamu.
Wakaitikia.
Ndipo yule asiye na ndevu akafyatua.
Bibi risasi aliisamehe.
Kule kuitikia, hakukusamehe.

Museyyib alirudi na ngamia watatu na maiti
na risasi zote nne
na neno moja asilolijua,
alilolikariri njia nzima lisimwagike,
kama abebaye maji kwa viganja:
Komeo. Alisema komeo. Bibi, komeo ndiyo nini?
Ni dua ya kwenu?

Bibi, binti wa Wete, akacheka.
Wanawake wakamshika mabega, wakidhani kavurugikiwa.
Alfajiri aliyoondoka alikuwa amemgombeza
juu ya komeo la mlango wa uani,
limelegea tangu mfungo tatu,
naye akajibu, mguu nje: nikirudi.

Maskati nililitafuta jina lake.
Kijana mpole, kahawa, kompyuta,
akaniambia orodha yao inaanza baadaye.
Babu alikufa kabla ya orodha,
kabla ya sare, kabla ya lami,
kabla ya nchi kujua inaishia wapi.

Nyumba ya udongo imebaki nusu.
Mlango wa uani upo, umeegemezwa jiwe,
jiwe alilolitia bibi usiku ule
na kulisogeza kila magharibi, miaka arubaini na moja.
Mafundi walikuja na misumari yao.
Akawapa kahawa, akawaambia:
Kazi hii ina mwenyewe.

Nimelisukuma kwa mguu. Zito.
Nikainama, nikalirudisha palepale.