Milisekunde Themanini

Bibi yangu Bożenna alitambua kabla yetu sote.
Tulimnunulia saundiba ya bei ya punguzo,
nyeusi, nyembamba, imelala chini ya televisheni
kama rula iliyosahauliwa na seremala,
na mjomba Kajetan akajitupa kitini, akasema:
“Sikilizeni hiyo besi.”
Bibi hakusikiliza besi.
Alimkazia macho msomaji wa habari, akakunja uso.
“Huyu mtu,” akasema, “amefumba mdomo na bado anaongea.”

Sisi hatukuona kitu.
Tuna masikio, hatujawahi kuyatuma macho kazi hiyo.
Yeye alifuma vitambaa miaka thelathini na mmoja
hapa hapa Łódź, kwenye ukumbi wa mitambo mia mbili,
kelele za kutikisa meno,
mahali ambapo hakuna aliyesikia hata jina lake likiitwa.
Walizungumza kwa midomo.
Walisengenya kwa midomo, msimamizi akiwa amewapa kisogo.
Babu Wacław alimposa akiwa mtambo wa nane,
mafuta mpaka viwikoni,
naye akamjibu papo hapo, bila sauti,
akarudi kuunga uzi uliokatika.

Basi nikapiga magoti nyuma ya televisheni,
kwenye vumbi na kadi za Krismasi zilizodondoka.
Kosa la kwanza lilikuwa letu: tuliunganisha kwa Bluetooth.
Sauti ilikuwa ikifungashwa, ikisafirishwa hewani, ikifunguliwa,
ikiingia na jasho lake, picha imeshaondoka.
Kawia ufike, husemwa.
Lakini neno likikuta mdomo umefungwa,
limefika wapi?

Nikachomeka waya wa HDMI,
si tundu la kwanza, si la pili,
ni lile lenye viherufi nilivyovisoma kwa tochi ya simu
kichwa chini, miguu kwenye zulia.
“Enhe?”
“Sasa anaongea kabla hajafungua mdomo.”
“Kama wewe, mama,” mjomba akasema,
akarushiwa mto.

Ilikuwa picha, sasa, inayojichelewesha:
televisheni inailainisha, inaipaka rangi, inaichana nywele
kabla ya kuitoa sebuleni.
Nikataka kuuzima urembo huo. Mjomba akakataa,
eti mpira utaonekana wa zamani.
Haya. Kama picha haiharakishwi, sauti na isubiri.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka, nikashuka tena,
nikakuta mstari mmoja: kuchelewesha sauti. Sifuri.

Ishirini.
Bibi ameinua mkono, kiganja wazi,
kama walivyomfanyia fundi wa mitambo zamani: endelea, endelea.
Arobaini. Sitini.
Mia moja. “Umepita. Rudi.”
Themanini,
na mkono ukashuka pajani taratibu.

Sijui aliona nini.
Mimi niliona mtu yule yule, tai ile ile,
mvua ile ile ikitabiriwa Jumanne.
Alipokwenda kuinjika chai nikarudisha sitini, kumjaribu tu.
Akasimama mlangoni na vikombe.
“Umegusa.”

Saa tatu ikaanza filamu ya kigeni.
Kwetu filamu hizo husomwa na mwanamume mmoja,
sauti moja kavu kwa muuaji, kwa mtoto, kwa bibi harusi,
na sauti zao wenyewe zinanung’unika chini yake
kama majirani nyuma ya ukuta.
Nikashika rimoti, kidole tayari.
Bibi akaichukua.
“Huyo hata waya haumsaidii,” akasema, akazima sauti yote.

Kwenye kioo mwanamke alikuwa akimwambia mtu jambo,
kwa lugha ambayo bibi hajui hata salamu yake.
Akasogea mbele ya kiti.
Midomo yake ikaanza kucheza, kimya,
ikimfuata yule mwanamke,
imechelewa kidogo, labda nusu sekunde.

Sikugusa kitu.