Daftari la Darasa la Tano B

Nilikuwa na kalamu nyekundu na mkono mwepesi.
Bukuru: yupo. Butoyi: hayupo.
Kesho yake Butoyi yupo, Bukuru hayupo.
Pacha wa Kambi Namba Tatu,
mama yao anaanika singa za mkonge kule korona,
na mimi, mwalimu wa darasa, niliona utoro,
utoro wa zamu, utoro wenye kiburi,
nikaupangia viboko viwili viwili.
Sheria ni msumeno, niliwaambia.
Wakanyosha mikono bila kuuliza
kwa nini msumeno huo siku zote
hukatia upande wa kambini.

Bi Kiluwa alihamia Pongwe Februari,
joto likitatarika kwenye mabati.
Hakuhutubia. Siku ya tatu aliniomba daftari,
akalipokea kwa mikono miwili, kama mtungi uliojaa,
akakaa nalo ofisini hadi kengele ya mwisho.

Kisha akaniita.
"Mwalimu Semboja, usisome jina moja moja.
Soma haya mawili kwa pamoja."
Nikasoma. Vema, kosa, vema, kosa,
na chini yake kosa, vema, kosa, vema:
mistari miwili imeshikana kama meno ya zipu.
Hakuna siku waliyokuja wote.
Hakuna siku waliyokosa wote.
"Nyumba ile ina sare ngapi?"

Nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja.
Moja gawanya kwa mbili.
Jibu lilikuwa likikaa dawati la nyuma kila asubuhi,
shati lile lile,
kifungo cha pili kile kile, cheusi, kisichofanana na wenzake,
na mimi nikiandika.

Kwenye kamati, pesa zilizokuwepo zilikuwa za rangi ya geti;
mkaguzi anakuja mwezi wa nne.
Mzee Mntambo akagonga meza: "Shule ina uso wake!"
Hakuwa mtu mbaya. Alibeba mawe ya msingi wa shule hii kwa kichwa chake.
"Leo pacha," akasema, "kesho kambi nzima italeta mikono."
Bi Kiluwa akafungua daftari,
akatusomea alama tu, bila majina:
vema, kosa, vema, kosa,
polepole, siku thelathini na moja,
mpaka mtu akaanza kukohoa pasipo kikohozi.
"Geti litangoja. Geti halina mtihani wa darasa la saba.
Na mikono ikija, tutaihesabu."

Kura nne kwa tatu.
Ya nne ilikuwa ya bwana mmoja aliyeshtuka usingizini.

Sare ilishonwa Ngamiani,
ikafika kambini usiku ndani ya mfuko wa unga,
asiwepo wa kupiga picha, asiwepo wa kupiga makofi.
Mstarini hakutajwa mtu.
Mimi tu ndiye niliyetajwa, mlango ukiwa umefungwa:
"Sare tumepata. Vile viboko utavirudishaje?"
Nilitazama viatu vyangu.
Mpaka leo sijapata la kumjibu,
ingawa fimbo niliichoma, na moshi wake haukuniombea msamaha.

Jumatatu darasa zima liligeuka.
"Mwalimu," akasema mtoto mmoja wa mbele, "kumbe wako wawili!"
Wakakaa dawati moja, kiwiko kwa kiwiko,
wakigombania rula kama watu waliofahamiana jana.

Mkaguzi alikuja. Aliandika kuhusu geti,
kutu, aya ya pili.

Alhamisi moja Butoyi hakuonekana.
Kalamu ilining'inia juu ya kisanduku chake.
Nikamtazama Bukuru; akasema, "Homa, mwalimu."
Nikaweka kosa, dogo, kwa penseli,
na saa nane, vumbi la barabara ya mkonge likinipanda magotini,
nilikwenda kambini kumuuliza mgonjwa
kama ameshakunywa uji.