Koti Namba Kumi na Saba

Sikwenda kutazama mchezo, nasema kweli.
Nilifuata koti langu.

Atupele, yule binti wa Mwasandube anayeandika
nyuma ya madaftari ya mahudhurio ya mama yake,
aliliazima dukani kwangu Jumanne:
la kijivu, bitana ya samawati,
mwaka wa tatu linaning'inia msumarini
likimngoja mteja aliyelipa nusu akasema
anafika Chunya mara moja, kwenye dhahabu.
"Litunze," nikamwambia. "Wenyewe huja
siku usiyowataka."

Basi Jumamosi, Tukuyu, ukumbi wa ushirika,
viti vimebebwa kutoka kanisani,
pazia ni shuka mbili zimeunganishwa
(mshono, Mungu anisamehe, umekwenda upogo),
kiingilio elfu moja, watoto bure wakikaa chini.

Wa kwanza aliuandika Gwamaka, "Nusu Kilo".
Mchuma chai, karani, na mzani.
Mzani ni kijana kavaa kapu shingoni,
anainama kadiri karani anavyomkonyeza,
si kadiri ya majani.
Dakika kumi na mbili, basi.
Wachumaji wenyewe walikaa mstari wa nyuma,
gamboti bado zina tope. Walicheka mpaka
mmoja akanyamaza,
halafu wa pembeni yake,
halafu wote.
Nimekata nyuzi maisha yangu yote.
Sijapata kuona kicheko kikikatwa hivyo bila mkasi.

Wa pili ulikuwa hotuba. Nilihesabu mabati.

Halafu koti likaingia.
Halikuvaliwa na mtu. Walilitundika kwenye kiti,
wakalitengea sahani ya ndizi na maharage,
mama huku, mwana kule, wamenuniana.
"Mwambie mwanao chumvi imekwisha."
"Mwambie mkeo duka limefungwa."
Na koti, mabega yangu yale niliyoyajaza pamba,
likawa linasikiliza!
Nilitaka kusimama niwaambie watu
hilo ni koti tu, mita mbili na robo, nalijua.
Sikusimama.

Mwishoni kijana akalivaa.
Mikono ikamfunika vidole.
Akageuka kwa mama yake, akafungua kinywa,
na mvua ikashuka.

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi.
Bati lote likawa ngoma moja.
Tukaona midomo yake ikienda, maneno manne, pengine matano,
tukamwona mama akiweka kijiko chini
polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.
Taa ikazimwa. Tukapiga makofi
ambayo hata sisi hatukuyasikia,
watu mia wakipigisha viganja kwenye mvua.

Njiani, chini ya mwavuli wa Sekela, ugomvi.
Yeye alisikia, "Mimi siyo yeye."
Mume wake, "Linanibana," na anaapa.
Mzee Ambakisye hasikii hata siku za jua,
lakini alisema kijana aliomba chumvi,
na tulipofika njia panda
nilikuwa nimeanza kumwamini.

Mimi nilitazama mkono wa kushoto.
Aliutafutia mfuko, ukateleza,
akatafuta tena. Mfuko ule
nilikuwa nimeushona mdomo, kama desturi,
mteja hufunguliwa siku ya kuchukua.
Aliyeandika hakulijua hilo, wala aliyeigiza.
Lakini mkono ule uliokosa pa kuingia,
nilirudi nao nyumbani, nikalala nao.

Jumatatu Atupele akalirudisha, limepigwa pasi.
Nikamuuliza yale maneno.
Akaangalia kiatu chake. "Nimeyabadilisha
mara tatu tangu juzi, mama. Bado."

Nikachukua wembe, nikaufungua mfuko.
Nikalitundika msumarini pake.
Alipofika mlangoni nikamwita:
mwezi wa saba mkiandika mingine,
ninalo pia gauni. Jeupe.
Namba arobaini. Halijachukuliwa.