Hesabu ya Mia

Uliliacha gunia mwisho wa kiangazi.
Ulilifunga mdomo kwa kamba ya katani, ukasema:
Usiuze, Nabintu. Usikamue. Nikitoka Kamituga
tutaipanda alizeti yote kule Walungu, shamba la mama.
Nikang'ata mbegu moja mbele yako.
Ganda likapasuka, ka!, kama ukucha mkavu.
Kiini cheupe. Utamu wake
ulinikaa midomoni hata ulipokwisha kukata kona.

Jioni ile nilihesabu mia moja
juu ya kitambaa nilichokilowesha,
nikakikunja, nikakiweka nyuma ya jiko.
Siku ya saba niliandika ukutani kwa mkaa:
94.

Kadutu si mahali pa kutunzia kitu kikavu.
Mvua ya huku haibishi hodi, ina ufunguo wake.
Inapanda usiku kutoka ziwani kwa ngazi za matope,
inaingia ndani ya kuta, ndani ya chumvi,
ndani ya sare za watoto zilizokunjwa vizuri.

Na mbegu inapumua, kaka.
Sikujua. Nilidhani imelala kama jiwe.
Novemba nilizamisha mkono katikati ya gunia
hadi kiwiko, nikakuta joto,
joto la paji la mtoto anayeumwa
ambaye hajaanza kulia.

Nilianika juu ya bati la jirani,
nikaanua kila wingu lilipokohoa.
Nilipanga matofali chini, nikalisogeza mbali na ukuta.
79.
Halafu 61.

Cirhuza wa kinu alipita, akasugua kiganja, akanusa.
"Bado ni mafuta," akasema. "Pasaka yatakuwa sabuni."
Akataja bei.
Nikamwambia gunia lina mwenyewe.

Kiini kiligeuka manjano, rangi ya barua ya zamani.
Uchungu ulikuja polepole, nyuma ya ulimi,
baada ya utamu kukudanganya kwamba upo.
Kwa nje hakuna kilichobadilika:
mistari ileile, myeusi na myeupe,
uzito karibu uleule.
Mtu angeapa ni gunia lilelile.
38.

Habari zako nazo zilipungua hivyo.
Kwanza sauti. Kisha ujumbe wa maneno matatu.
Kisha mtu aliyemwona mtu
aliyekuona ukishuka shimoni na tochi ya kichwani.

Pasaka nilimwita Cirhuza.
Aliniuliza mara mbili, nikaitikia mara mbili.
Bei ya sabuni ndiyo iliyolipa ada ya Mugisho,
na mwanao, ujue, sasa anaandika jina lake bila kuangalia ubao.

Kabla mizani haijafika nilitoa mia ya mwisho.
Siku ya saba kitambaa kilinyamaza.
Siku ya tisa kiliinuka kidogo, pembeni,
kama shuka juu ya goti.
11.
Vishina vyembamba, kimoja kimejipinda
kana kwamba kilitafuta mlango mwingine.

Nimevipanda kwenye mikebe ya nyanya, barazani.
Saba vimesimama.
Mvua inavipiga, na safari hii
siikimbilii.

Ukirudi utauliza gunia liko wapi.
Nitakupa maji, na kipande cha sabuni, unawe kwanza.
Inatoa povu kidogo tu, lakini inatakatisha.
Halafu ugeuke, usome ukuta.