Kiasi

Miaka thelathini na moja nilikaa nyuma ya mizani,
kituo cha karafuu, Wete,
nikisoma sindano na kuandika:
kilo arubaini na mbili, gramu mia tatu.
Watu wakinitazama mkono.
"Mizani yako ina njaa, Faki," walisema,
wengine kwa mzaha. Wengine hawakucheka.

Nilipostaafu nikapewa saa ya ukutani na soda mbili.
Usingizi ukakata.
Nikifumba macho naiona sindano
inatikisika, haitui popote.

Alfajiri moja Bi Kazija alinikuta kibarazani
nahesabu mabati ya paa lake.
"Njoo jikoni," akasema,
"nimeroweka mchele tangu jana, unaningoja."

Nikaenda na daftari.
"Mchele kiasi," akaanza. "Tui zito, kiasi.
Hamira kidogo tu. Iliki uipendavyo."
"Kiasi ni gramu ngapi?"
Akanitazama
kama niliyeuliza bahari ina pishi ngapi.

Daftari ninalo bado:
Mkate wa kwanza. Umeungua juu, mbichi chini.
Wa pili. Nimesahau hamira. Wamekula kuku.
Wa tatu. Kuku wamekataa.

Barazani Shaame akaziacha kete za bao hewani:
"Karani, twasikia siku hizi unapika!"
"Sipiki," nikajibu. "Nachoma mikate."
Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa.

Lakini hawajui ile saa
rojo limo bakulini, kitambaa juu,
na mimi sina la kufanya.
Naliinamia, natega sikio.
Linapumua.
Povu moja linapanda, linafikiri, linapasuka,
na jingine nyuma yake, bila foleni, bila ugomvi.
Hapo ndipo nilipolala mara ya kwanza,
kwenye kibao cha mbuzi, kichwa ukutani,
nikaamka rojo limefurika mpaka sakafuni
na paka wa jirani kapata riziki.

Kisha kupalia.
Makaa ya vifuu ni makali, hayana haya;
matano tu juu ya kifuniko, mengine kando yangoje.
Bi Kazija hutia kiganja juu ya moto, akajua.
Mimi nahesabu. Nimeshindwa kuacha.
Mkono ukivumilia mpaka tisa, moto ni huo.
Kwenye daftari sikuandika tisa.
Nimeandika: kiasi.

Wiki iliyopita iliki iliniishia.
Nikalivua msumarini koti la kazi, mfukoni
mlikuwa na karafuu tatu, kavu, vichwa vyake vizima.
Sijui zilianguka kutoka gunia la nani.
Nilizishika muda mrefu.
Nikazitwanga, nikazitia.

Mkate ukatoka na rangi ya mbao ya mlango wa zamani,
matundu madogo madogo, harufu
ile ile niliyoikimbia, sasa ina sukari.
Nikaukata kwa jicho.
Vipande havikulingana hata viwili.
Nikavigawa nyumba kwa nyumba,
kwa wale wale wa magunia.

Shaame alikitia chake kiganjani,
akakipandisha, akakishusha,
jicho moja kalifumba.
"Pungufu," akasema.

Nikamkatia kingine.